MAJI YA KUOGA NA DAMU YA WATU

Neno la kusoma nyumbani: 2 Samweli 23:13-17



Sikukusudia kuandika juu ya bafu mwezi huu. Nilikuwa nimeandaa somo lingine. Lakini niliitwa kupatanisha nyumba mbili za waamini katika ua mmoja hapa Hai Amarat, nikakuta maji ya kuoga ya familia moja yanapita chini ya uzio wa mabati na kutuama mlangoni pa jirani. Watoto wanayakanyaga, na jioni mbu hawasemeki. Mama wa nyumba ya pili alikuwa hajashiriki Meza ya Bwana kwa miezi miwili, akisema hawezi kula mkate mmoja na watu wanaommwagia uchafu wao. Wale wa nyumba ya kwanza wakajibu: maji tumeyanunua kwa fedha yetu, tutaoga tupendavyo.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonirudisha kwa Daudi.

Daudi alikuwa ngomeni, karibu na pango la Adulamu, na mji wake wa Bethlehemu umeshikwa na Wafilisti. Akatamani maji ya kisima cha kwao, kile cha langoni. Sisi tunamwelewa, nani kati yetu hajaota maji ya kwao? Mashujaa watatu wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakayateka, wakamletea. Alipoyapokea hakuweza kuyanywa. Ndani yake aliona damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akayamimina mbele za Bwana.

Najua kuna ndugu atakayesema: Mchungaji, basi hata Daudi alimwaga! Ni kweli. Lakini yeye alimwaga kwa sababu aliijua bei yake. Sisi tunamwaga kwa sababu tumeisahau.

Bei yenyewe ni hii. Maji mengi ya Juba huvutwa kutoka mto Nile, hupakiwa kwenye malori ya tangi na kuuzwa kwa pipa la lita 200. Asiyeweza kununua pipa humtuma binti kisimani na jerikeni la lita 20, ambalo likijaa ni kilo 20 juu ya shingo ya mtoto. Nakiri mbele yenu: kwa miaka mingi nilioga ndoo nzima asubuhi na ndoo nzima jioni, na sikuuliza hata siku moja ni nani aliyeibeba. Mpaka asubuhi moja nilipomkuta binti yangu kwenye foleni ya kisima, amevaa sare ya shule, na kengele imeshalia. Hakulalamika. Hilo ndilo lililonichoma.

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hufuata, vinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na kujisafisha. Shawa ya kawaida, kama zile za nyumba kadhaa za kupanga, humwaga kama lita 10 kwa dakika. Ukisimama chini yake dakika tano umemaliza lita 50, yaani sehemu ya mtu mmoja kwa siku tatu na zaidi. Mwenye shawa afunge bomba anapojipaka sabuni. Sihubiri zaidi hapo.

Wengi wetu hatuna shawa, lakini twaweza kuitengeneza. Chukua jerikeni la lita 5, toboa kifuniko matundu madogo kwa msumari wa moto, lining'inize kichwa chini kwenye nguzo ya bafu, kisha toboa tundu moja upande wa juu la kuingiza hewa. Ukiliziba hilo la hewa kwa kijiti, maji yanakoma, ukilifungua, yanatiririka. Mtu mzima anaoga akatakata.

Halafu makaa. Sisi tuliotoka kwenye baridi ya Kivu tumezoea maji ya moto, na hata katika jua hili la Juba bado tunawasha jiko ili tuoge! Makaa hayo ni miti. Hata mti wa lulu, ambao akina mama hukamua mafuta yake, unakatwa na kuchomwa. Paka jerikeni rangi nyeusi, liweke juani tangu saa sita, na jioni maji yatakuwa ya vuguvugu. Kwa mtoto mchanga na mama aliyejifungua, chemsheni bila kuulizwa.

Wala mtu asipunguze maji ya kunawa mikono. Kipindupindu kilichotangazwa nchini tarehe 28 Oktoba 2024 kilianzia Renk, kikafika hadi Juba. Maji na sabuni baada ya choo si hasara.

Katika ule ua tulichimba shimo la kina cha mita moja, mbali na kisima, tukalijaza mawe na matofali yaliyovunjika, tukaelekeza mfereji wa bafu humo na kupanda migomba mitatu pembeni. Mgomba unapenda maji hayo, na sabuni ya kawaida haiudhuru. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasiende huko, wala ya nepi za mtoto, na msipande hapo mboga za kuliwa mbichi. Penye udongo wa mfinyanzi shimo hunywa polepole. Chimbeni la pili.

Nyumba zile mbili sasa zinasalimiana. Mama yule bado hajarudi Mezani, nami simharakishi. Baba wa nyumba ya kwanza amesema mwenyewe kwamba mkungu wa kwanza utakwenda kwa jirani.

Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi tutachimba kwa mama mjane aliye nyuma ya kanisa. Njooni na majembe, makoleo na vipande vya matofali. Vijana, jerikeni za lita 5 zilizokwisha mafuta msizitupe, zileteni.

Mchungaji wenu