Je, karata yaweza kutuambia nani anatupenda?

Taroti ni karata za Ulaya. Zamani hatukuzifahamu kwetu Kongo, lakini siku hizi picha zake zinafika hata kwenye simu za vijana wetu, pamoja na maneno ya Kifaransa ya kuzifasiria. Wanaozitumia hawaulizi tu mambo ya kesho, kama vile: Nitapata kazi? Nitapona? Mara nyingi wanauliza neno jingine: Yule kijana ananiwazia nini? Yule binti ananipenda ao ananicheka? Mwaguzi anachanganya karata, anafunua moja, anasema: Tazama, huu ndio moyo wake juu yako.

Kanisa linakataza uaguzi wa kila namna. Tulijifunza hayo chini ya amri ya kwanza, na Katekisimu ya mwaka 1992 inayasema tena katika namba 2116. Kwa mkristu neno hilo latosha. Walakini tungependa leo kutazama upande mwingine, usiokumbukwa sana. Yupo mtu mmoja ambaye moyo wake unafunuliwa mezani, naye hayupo, hakuitwa, hajui lolote. Huyo anatendewa nini?

Yafaa kwanza kujua karata hizo zilitoka wapi. Zilianza Italia ya kaskazini, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, na mabwana wakubwa wa miji kama Milano na Ferrara walizitumia kwa mchezo. Zote ni 78: karata 56 za vikombe, panga, fimbo na feza, na karata nyingine 22 zenye picha kubwa. Watu walicheza, wakashindana, wakacheka, basi. Michael Dummett, mwalimu wa filosofia wa Oxford, mtu aliyeingia Kanisa Katoliki wakati wa ujana wake, alichunguza habari hizo kwa bidii sana, akatoa kitabu kikubwa mwaka 1980. Alionyesha kwamba mambo ya uaguzi yaliingia katika taroti katika karne ya 18 tu, yaani nyuma ya miaka 300 ya mchezo. Hata leo wako Wafaransa wengi wanaocheza taroti jioni pamoja na rafiki zao, wala hawatendi dhambi.

Ni mwaka 1781, katika mji wa Paris, ambapo Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizo ni kitabu cha hekima cha Wamisri wa kale. Aliyajuaje? Wakati ule hapakuwa mtu wa Ulaya aliyeweza kusoma maandiko ya kale ya Misri. Champollion alianza kuyafumbua mwaka 1822 tu. Kisha akaja mwaguzi mmoja jina lake Alliette. Aligeuza jina lake nyuma mbele, akajiita Etteilla, akauza mafundisho yake. (Jina la kigeni linavuta wateja, hata huko Ulaya.)

Tutazame sasa karata ya sita, iitwayo Wapenzi, ambayo vijana wanaitamani kuliko zote. Katika karata za kale za Marseille tunaona mwanaume mmoja katikati ya wanawake wawili, na juu yao mtoto mwenye mabawa anayetaka kupiga mshale. Mwaka 1909, huko London, Bwana Waite alimwomba mchoraji Pamela Colman Smith kuchora taroti mpya. Katika karata yake ya sita twaona mwanaume na mwanamke walio uchi, malaika juu yao, na nyoka amejiviringisha katika mti nyuma ya mwanamke. Yaani inakumbusha bustani ya Edeni. Na Mbili ya Vikombe? Katika karata za Marseille ni vikombe na mapambo tu. Katika zile za London ni kijana na binti wanaoinuliana vikombe, na kila mwaguzi anasema: Ndiyo mapendo ya wawili. Basi, kama karata ni barua inayotoka moyoni mwa mpenzi wako, ni nani aliyebadili mwandiko wa barua hiyo? Ni mchoraji mmoja aliyefanya kazi aliyopewa. Mama huyo mwenyewe aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1911, akafa mwaka 1951.

Wengine watatujibu: Hata ninyi mnasoma ishara. Mama anatazama uso wa mtoto wake, anajua ana huzuni. Kijana anasikia sauti ya binti ikitetemeka, anapata tumaini. Tofauti ni nini? Swali hilo ni zuri, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikaribia kulijibu. Katika Summa yake, sehemu ya kwanza, swali la 57, anauliza kama malaika wanajua mawazo yaliyofichwa moyoni. Anasema waweza kuyajua kwa matokeo yake, kama mganga anavyoweza kutambua uchungu ao furaha kwa kugusa mshipa wa mkono. Lakini mawazo yenyewe, jinsi yalivyo katika akili na utashi wa mtu, Mungu peke yake anayajua. Angalieni basi: mshipa ni wa yule mgonjwa. Machozi ni ya yule mtoto. Sauti inayotetemeka inatoka kwa binti mwenyewe. Ishara hizo zaweza kutudanganya, lakini angalau zimetoka kwake. Karata imetoka wapi? Imetoka katika mikono iliyoichanganya. Kila moja ya 78 ingeweza kutokea. Na mtu asiyependa ile iliyotokea anafunua nyingine, tena nyingine, mpaka apate ile aliyoitaka tangu mwanzo.

Kwa nini basi watu wanasema: Lakini ilisema kweli? Mwaka 1948, huko Marekani, mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi ya kueleza tabia ya kila mmoja. Waliipima ukweli wake kwa alama toka 0 mpaka 5, na wote pamoja walifikia wastani wa 4.26. Kumbe wote walipewa maneno yale yale, na mengi yake aliyatoa katika kitabu cha unajimu! Mwaguzi anaposema, «Anakupenda lakini anaogopa kuonyesha,» ni nani asiyeweza kuvaa nguo hiyo? Kijana akikaa kimya, anaogopa. Akisema maneno mengi, anaficha woga wake. Akioa mwingine, bado anaogopa.

Hapo ndipo ubaya unapoanza kumgusa yule asiyekuwapo. Binti aliyeambiwa kwamba anapendwa atangoja mwaka, labda miwili, akiwakataa wengine, na kijana yule hajapata kumwahidi neno. Mwishowe atamwita mdanganyifu. Lakini alidanganya lini? Ao mke anaambiwa kwamba moyo wa mume wake uko kwa mwanamke mwingine. Anarudi nyumbani na hukumu mkononi, wala mshtakiwa hajaulizwa hata swali moja. Tunajua amri ya nane inatukataza kumhukumu mwenzetu bila sababu ya kutosha. Karata moja haitoshi kumhukumu mwizi wa kuku. Itatoshaje kumhukumu mume?

Wazee wetu walipotaka kujua kama binti anakubali, walituma mjumbe. Mjumbe alitembea, alibisha hodi, aliketi, alisema aliyotumwa, akarudi na jibu, tamu ao chungu. Karata haikwenda popote. Haikutoka mezani.

Tunafahamu kwamba kuuliza ni vigumu. Anayeuliza anaweza kuaibika, na karata haimwaibishi mtu. Ndiyo sababu wanaoikimbilia si wajinga wala wabaya. Wengi ni watu wenye moyo ulioumizwa mara moja, wasiotaka kuumizwa tena. Hao tusiwacheke. Lakini tuwaulize kwa upole: unataka kupendwa na mtu huyo, ao unataka tu kusikia kwamba unapendwa? Maana mtu halisi ana uhuru wa kusema hapana, na pendo lake lina thamani kwa sababu ya uhuru huo. Mungu mwenyewe, aliyeujua moyo wa Bikira Maria kuliko yeye mwenyewe, alimtuma malaika Nazareti, na malaika hakuondoka kabla ya kupata jibu lake.

Hata katika ndoa ni vivyo hivyo. Kanuni 1057 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba makubaliano ya wale wawili ndiyo yanayofanya ndoa, wala hakuna uwezo wa kibinadamu unaoweza kuyaweka badala yao. Arusi imekwisha kuandaliwa, ng'ombe wametolewa, kwaya iko tayari, na Kanisa zima lajua kwamba wanapendana. Lakini padri anawauliza mbele ya watu wote, na kila mmoja sharti ajibu kwa kinywa chake.