Amana ya Msikilizaji

Kuimba ni tendo la mtu mmoja. Kusikilizwa ni tendo la watu wawili. Wajibu wa mwimbaji twaujua sana. Twataka sauti yake iwe safi, maneno yake yawe na maana, na nyuzi za ala yake ziwe zimekazwa sawasawa. Akipatia twamsifu, akikosea twamcheka. Lakini ni mara chache tujiulizapo habari za yule aliyeketi mbele yake. Je, msikilizaji naye ana deni? Msomaji, swali hili laonekana dogo. Nakuomba ulipime pamoja nami, kwa maana yamkini limo katika maisha yako bila wewe kujua.

Fikiri kwanza chumba kidogo. Katika mji wa Nashville, Marekani, upo mgahawa uitwao Bluebird Cafe, uliofunguliwa mwaka 1982. Viti vyake ni 90 hivi. Jioni nyingi watunzi wa nyimbo huketi katikati ya sakafu, wakitazamana, kila mmoja na ala yake, na wasikilizaji huwazunguka kwa karibu hata waweza kuona vidole vikitembea juu ya nyuzi za gitaa. Huimba kwa zamu, na aghalabu mtunzi hueleza jinsi wimbo wake ulivyozaliwa. Katika miaka ya 1980 wanawake wanne walianza kuketi humo namna hiyo, wakiimba nyimbo walizozitunga wenyewe. Nyumba hiyo ina desturi moja mashuhuri: mtu akizungumza wakati wimbo unapoimbwa, huombwa anyamaze.

Hapana shaka yuko atakayenung'unika. Atasema, "Nimelipa fedha yangu mlangoni. Nani anikataze kuzungumza na rafiki yangu?" Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa sababu mtu ana haki juu ya alichokinunua. Muuza samaki akikupa samaki, samaki ni wako. Ukimla au ukimtupa, muuzaji hana la kudai. Lakini fedha ya mlangoni hununua nafasi ya kuketi. Mwanamke aimbaye huzuni iliyompata mwenyewe hakuuzii huzuni ile. Amekuonyesha tu, na kesho itakuwa ingali yake. Kitu kilichowekwa mbele yako bila ya kuwa mali yako huitwa amana, na amana hulindwa.

Ushahidi wa jambo hili twaupata katika maisha ya Joni Mitchell, mtunzi na mwimbaji aliyezaliwa Kanada mwaka 1943. Alipokuwa mtoto aliugua polio, na mkono wake wa kushoto ukadhoofika. Kwa hivyo alipojifunza gitaa alizikaza nyuzi kwa namna zake mwenyewe, na udhaifu wa mkono ukawa mama wa sauti mpya. Mwezi wa Agosti, mwaka 1970, aliimba katika kisiwa cha Wight, Uingereza, mbele ya mamia ya maelfu ya watu. Ghasia zilikuwa nyingi mno. Machozi yakamlengalenga, akasimama kuwaomba watu wale wamstahi. Walimsikia, wakatulia, akaendelea. Tazama ajabu hii: umati wote ule ulikuwa na masikio, lakini mpaka alipoombewa heshima, kusikiliza hakukuwapo.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1965, akiwa msichana fukara asiye na mume, alizaa binti, akalazimika kumtoa alelewe na watu wengine. Mwaka 1971, katika sahani yake iitwayo Blue, alimwimba mtoto yule kwa maneno ya fumbo. Watu waliusikiliza wimbo huo kwa zaidi ya miaka 20, na wengi waliguswa bila ya kujua ni nani aliyeimbwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kisha, mwaka 1993, mtu mmoja aliyewahi kukaa naye chumba kimoja wakati wa masomo aliiuza siri ile kwa gazeti. Mama na binti walikutana mwaka 1997.

Pima matendo haya mawili. Mtunzi alitoa kwa hiari sehemu ya siri yake, akaizuia sehemu nyingine. Wasikilizaji walipokea walichopewa, na kikawatosha. Muuzaji alichukua kilichozuiwa, akakigeuza fedha. Pengine utasema kuwa heri ilifuata, kwani waliopoteana walionana. Mimi nami naifurahia heri hiyo, lakini haimsafishi aliyeuza. Mwizi akiiba shoka, na kesho yake mti uliotaka kukatwa ukaanguka wenyewe, wizi haugeuki kuwa msaada.

Basi, deni la msikilizaji ni kimya tu? Hapana. Kimya ni desturi ya nyumba fulani, na kila nchi ina desturi yake. Pwani yetu ya Afrika Mashariki alikuwako Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akafariki mwaka 1950, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri tangu mwaka 1928, lakini kabla na baada ya hapo watu walikusanyika nyumbani kwake usiku kumsikiliza. Baadhi ya nyimbo zake zililalamikia dhuluma waliyotendwa wanyonge na wanawake. Katika taarabu wasikilizaji hawakai kama mawe: hupiga vigelegele, huitikia, husimama kwenda kumtuza mwimbaji wakati ubeti umewachoma. Kelele hiyo si utovu wa adabu, kwa kuwa ni jibu la neno lililosemwa. Mtu hawezi kujibu vema asichokisikiliza. Kinachodaiwa, basi, ni moyo uliohudhuria; kimya na kigelegele ni nguo mbili za moyo huo.

Wala msikilizaji hana deni la sifa. Wimbo mbaya hauwi mzuri kwa sababu mtunzi wake ameteseka, na anayesifu asichokipenda amemdanganya aliyemwamini. Waweza kuusikiliza wimbo mpaka mwisho, ukauona mchovu, ukasema hivyo kwa upole ukiulizwa. Jambo usiloweza kulifanya kwa haki ni kuuhukumu kabla hujausikia, au kumhukumu mwimbaji badala ya wimbo wake.

Sasa nirudi kwako. Yamkini hutafika Nashville maisha yako yote. Lakini kesho, katika darasa lako, msichana mmoja atasimama na karatasi mkononi kusoma shairi alilolitunga juu ya nyumba yao. Sauti yake itatetemeka. Katika safu ya nyuma mtu atacheka, na wakati wa mapumziko neno moja la shairi lile litageuzwa kuwa jina la kumkejeli. Hakuna atakayeandikiwa kosa, wala hakuna kitu kitakachovunjika ambacho macho yaweza kukiona. Ila msichana yule ataikunja karatasi yake, na huenda asitunge tena. Hatutajua kamwe tumepoteza nini, kwa maana wimbo ambao haukutungwa hauna kaburi.

Siku hiyo nawe utakuwa umeketi mahali fulani darasani, na alichokitoa kitakuwa mikononi mwako. Kilinde.