Deni la Damu

Mtoto wa kiume akitahiriwa, iwe Kibosho, Machame au Rombo, damu hutoka kidogo kisha hukoma. Lakini yuko mmoja mmoja ambaye damu yake haikomi. Siku ya kwanza hupita, na ya pili, na wazee huanza kutazamana. Mara nyingi mama ndiye anyoshewaye kidole, eti ukoo wake una laana. Kumbe mtoto amezaliwa na himofilia, yaani upungufu wa protini ya kugandisha damu. Mama huweza kuupitisha bila kosa lolote. Tena yapata theluthi moja ya wagonjwa hawakutanguliwa na yeyote katika ukoo.

Mtoto huyo huishi kwa damu ya wenzake. Basi twauliza: mtu aliyepokea uzima na maradhi kwa mkono mmoja, je, anadaiwa shukrani, au yeye ndiye adaiye?

Swali hili si la kubuni. Miaka ya 1970 na 1980, huko Ulaya na Marekani, dawa ya himofilia ilitengenezwa kwa maji ya damu ya maelfu ya watu yaliyochanganywa pamoja, mengine yakiwa yamenunuliwa magerezani. Mgonjwa mmoja aliweza kuchafua pipa zima. Hivyo wengi walipata homa ya ini aina ya C, maradhi yawezayo kunyamaza miaka 20 au 30 huku yakilikausha ini. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989 tu. Nchini Uingereza, uchunguzi ulioongozwa na Sir Brian Langstaff ulitangaza Mei 2024 kwamba watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa Ukimwi au homa ya ini kwa damu na dawa zake, na kwamba ukweli ulifichwa.

Wako watakaosema: tabibu hakujua, na asiyejua hana hatia. Sawa. Lakini kutojua hufuta hatia, hakufuti deni. Ng'ombe wangu akikata kamba usiku akala migomba ya jirani, sikukusudia, walakini nitalipa. Na aliyejua akanyamaza, huyo ana vyote viwili.

Siku hizi deni hilo lalipika. Tangu mwaka 2013 vimepatikana vidonge viponyavyo zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100, mara nyingi kwa wiki 12. Marekani vilianza kwa dola 84,000. Leo nakala zake huuzwa katika nchi kadhaa chini ya dola 100. Kwa hiyo asiyepimwa wala kuambiwa ananyimwa haki, si hisani.

Kwetu, Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na kituo cha Kanda ya Kaskazini kiko hapa Moshi. Damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata hivyo kipimo chaweza kukosa maambukizi ya siku chache. Hapo kinga iliyobaki ni ulimi wa mchangiaji. Naye huenda ni ndugu aliyesukumwa na ukoo, asiyeweza kukataa mbele ya jamaa bila kuulizwa sababu. Aibu humfanya ajibu uongo. Yapasa muuguzi amwulize peke yake, mlango umefungwa, na jibu lake lisiwafikie kamwe wajomba walioketi nje.