Mitishamba: Jani na Jina



Huku Bukoba na Muleba, homa ikikushika bibi anachuma omubilizi, anaponda, unakunywa huku umekunja uso. Je, ni dhambi? Hapana. Yoshua bin Sira (38:4) anafundisha kwamba dawa hutoka ardhini na Bwana ndiye aliyeziumba. Hata dawa mseto ya malaria ya hospitalini ina kiungo chenye asili ya mmea wa pakanga.

Sasa shida iko wapi? Iko pale mganga anapokupa jani pamoja na jina: "Aliyekuloga ni shangazi yako." Tumbo linaweza kupona, lakini undugu umekufa. Katekisimu, namba 2117, inakataa tiba za jadi zinazoita nguvu za uovu au kutumia vibaya wepesi wa watu kuamini. Tufikiri kidogo: jani hutibu kwa asili yake. Halihitaji adui ili lifanye kazi.

Kwa hiyo kapime malaria, mwambie daktari ulichokunywa, na usali. Sira (38:9-12) anataka vyote, sala na tabibu. Ukitajiwa mchawi, inuka uondoke. Kisha pitia kwa shangazi, umsalimie.