Mbegu ya Kuku Ni Mali ya Nani?

Mama mmoja wa parishi yetu, mjane mwenye watoto wanne wa kusomesha, aliniuliza kama ni vibaya kuwauza kuku wote alioachiwa na mama mkwe wake ili anunue chotara. Waliosikia walicheka. Mimi naona swali lake ni zito kuliko mengi tunayoyajadili vikaoni, nalo lastahili jibu la mtu aliyekaa akafikiri.

Kwanza tuseme kweli. Hesabu ya haraka iko upande wa chotara. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa vipindi vitatu au vinne, maana akishataga kumi na kitu huacha, akaatamia na kulea. Kuku wa mayai wa kisasa hukaribia 300. Chotara kama Kuroiler, aliyetokea India, yuko katikati, naye hunenepa upesi. Wako wanaosema kuku wa asili haugui. Hao hawajaona mdondo ukipita katika kijiji kisichochanja, ukaacha matenga matupu. Na mtu anayemhimiza mjane aendelee na mayai 50 kwa heshima ya mababu, huku yeye mwenyewe ananunua trei dukani, huyo simwiti mlinzi wa mila. Ni mnafiki. Mjane huyu hatendi dhambi yo yote akinunua chotara. Karo haingoji.

Ila hesabu hiyo ina mistari iliyosahauliwa. Ubora wa chotara haurithiwi sawasawa: ukiwapandisha wao kwa wao, vifaranga huparaganyika, huyu mkubwa, yule dhaifu, wala huwezi kutabiri. Tena wengi wao wamepoteza hamu ya kuatamia. Kwa hiyo mfugaji hurudi tena na tena kwa mwenye mashine ya kuangulia, na bei huipanga mwenye mashine. Mbegu mama za kuku wa kisasa duniani zimo mikononi mwa makampuni machache sana. Kuku wa kienyeji ana mashine yake kifuani, hufanya kazi siku 21 bila umeme, kisha huwafundisha wanawe kuchakura na kumkimbia mwewe.

Sasa, tusemapo "kuku wa kienyeji" twakosea kidogo, kana kwamba ni kitu kimoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro, walipochunguza kuku wa vijiji vya Tanzania miaka ya mwanzo ya 2000, waliwaeleza kwa aina zao: Kuchi, Singamagazi, Ching'wekwe, wa Mbeya, na wa Morogoro wa umbo la kati. Kuchi ni mrefu, shingo imenyooka, kishungi kidogo, manyoya machache, na jogoo wake hukaribia kilo 3. Ching'wekwe ni mdogo. Yuko kishingo, asiye na manyoya shingoni, ambaye kwa sababu hiyo hupoteza joto upesi na kustahimili jua kuliko wenzake. Yuko kibwenzi mwenye manyoya yaliyosimama kichwani kama kofia, na yule wa manyoya yaliyojikunja ambaye watoto humcheka.

Nani aliwafanya hivyo? Hakuna profesa. Walifanywa na bibi zetu, ambao kila mgeni alipofika waliamua ni jogoo yupi achinjwe na yupi abaki. Aliyewajua vifaranga wake alimwacha jogoo mwenye miguu imara. Mwingine alimwacha aliyepona mdondo. Maamuzi madogo ya jikoni, maelfu kwa maelfu, ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa po pote. Basi kitu kilichofanywa na wengi namna hii ni mali ya nani? Kuku mmoja mmoja ni wa mwenye banda: auze, achinje, agawe. Lakini mbegu siioni kuwa yake peke yake, wala yangu. Ameikuta, naye ataiacha.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo sheria fupi ambayo wengi huipita bila kuitazama. Mtu akikuta kiota njiani, ameruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende. Sheria haimkatazi mwenye njaa kula. Inamkataza kuchukua mazao na chanzo chake kwa mkono mmoja. Nadhani swali letu lote limo humo.

Mtu atanijibu: "Mwalimu, hao kuku wenyewe si wa asili. Kuku walitoka Asia. Kuchi mwenyewe anafanana na kuku wa kupigana wa huko Mashariki. Mbona waogopa mchanganyiko?" Hoja hii ni ya haki, nami siogopi mchanganyiko. (Na kwa kuwa Kuchi ametajwa: kuwapiganisha majogoo kwa kamari ni ukatili, lakini kuku hakuchagua kazi hiyo, na mwili wake mkubwa wafaa kwa mambo mengine.) Ninachoogopa ni mchanganyiko usio na njia ya kurudi.

Tufanye hesabu ya darasani. Kila kifaranga hupata nusu ya damu yake kwa jogoo. Ukileta majogoo wa kigeni na kuwaondoa wa kwako, kizazi cha kwanza kina nusu ya damu ya zamani. Cha pili, robo. Cha nne, sehemu moja tu katika 16. Huko Kenya, mpango wa taifa wa kuku ulioanza mwaka 1976 uliwapa wanavijiji majogoo wa kigeni wabadilishane na wao. Nia ilikuwa njema. Lakini tazameni jambo lenyewe linavyokwenda: hakuna aliyeuza tetea hata mmoja, kila mtu amefanya jambo la busara nyumbani kwake, na baada ya miaka michache mbegu imekwisha bila mtu wa kulaumiwa. Maadili tuliyofundishwa, ya mwizi na mwenye kuibiwa, hayana jina la kosa kama hili.

Basi nani abebe mzigo? Mwaka 2007, huko Interlaken, Uswisi, mataifa yalikubaliana mpango wa dunia wa kuhifadhi mbegu za mifugo. Vizuri. Ila waliokaa Interlaken hawamwagi pumba asubuhi. Kwa maoni yangu haki inadai anayeweza kupata hasara ndogo ndiye aanze: sisi wenye pensheni, shule zenye shamba, nyumba ya kasisi yenye uwanja. Wakati wa mavuno jogoo mzuri kuliko wote huletwa madhabahuni, akanadiwa, na Jumatatu yumo chunguni. Kwa nini mnunuzi asimbadilishe na wa kwake, akachinja huyo mwingine?

Wala haifai mtu kujitenga na wazo hili peke yake, kwa sababu jogoo wa jirani hajui mpaka. Tetea akishapandwa, mbegu ya jogoo hukaa mwilini mwake hata wiki mbili au tatu. Kwa hiyo anayetaka vifaranga halisi hana budi kuwafungia matetea wake na jogoo mmoja, matetea wanane au kumi watosha, na kungoja wiki tatu kamili kabla ya kuweka mayai ya kuatamiwa. Mayai ya kabla ya hapo ale. Chotara nao wakae bandani kwao, maana hata hivyo chakula chao ni cha kununua. Na baada ya mwaka majogoo wabadilishwe kati ya nyumba na nyumba, ili baba asipande binti zake na ukoo ukadhoofika. Nyumba nne au tano zinazoelewana zatosha kuanza. Kwangu wako Kuchi sita na jogoo wao, nao wanaweza kubadilishwa baada ya mvua za vuli.