Fumbo na Masharti Yake

Mtu wa Mikindani akisikia neno mto, Ruvuma huja mbele ya macho yake: maji mapana, mafungu ya mchanga, mamba na viboko, na ng'ambo nchi ya Msumbiji. Kwa hiyo akitegewa fumbo la mtu atakaye kuvuka mto na chui, mbuzi na majani, maswali yake ya kwanza huwa ya baharia. Mtumbwi una ukubwa gani? Maji yanajaa au yanakupwa? Ni chui gani huyo akubaliye kupakiwa? Mtegaji hukasirika, akasema hayo hayamo katika fumbo. Hapo ubishi huanza, na yamkini ubishi huo una thamani kuliko jibu.

Fumbo lenyewe ni kongwe. Limo katika mkusanyo wa Kilatini unaonasibishwa na Alcuin, mwalimu aliyekufa mwaka 804, na humo wavukao ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Afrika ina maumbo yake. Katika umbo lililoenea, mtumbwi huchukua mtu na kitu kimoja tu. Chui akiachwa na mbuzi humla, na mbuzi akiachwa na majani huyala.

Hatua ya kwanza haina hiari. Chui akitangulizwa, mbuzi hubaki na majani. Majani yakitangulizwa, chui hubaki na mbuzi. Basi mbuzi hutangulia. Mtu hurudi mtupu, humvusha chui, na hapo ndipo wengi hukwama, maana mbuzi yuko ng'ambo akingoja kuliwa. Njia ni kumrudisha mbuzi, kuvusha majani, kurudi mtupu, kisha kumvusha mbuzi mara ya pili. Safari ni 7: za kwenda 4, za kurudi 3.

Kwa nini watu wenye akili hukwama katika safari ya tatu? Kwa sababu hutii sharti ambalo hakuna aliyelitoa. Hudhani kwamba kilichovuka kimevuka, na kukirudisha ni kushindwa. Mtegaji hakusema hivyo. Mtu huyohuyo aliyekwisha kulaumiwa kwa kuvunja masharti yaliyomo, sasa amefungwa na sharti lisilokuwamo, na mfungaji ni yeye mwenyewe. Ajabu hii haiko katika mafumbo peke yake. Desturi ngapi hutiiwa nyumbani na kazini kwa karne nzima, na akitafutwa aliyezitunga haonekani?

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Kijana wa barazani akisema, "Mfunge mbuzi kamba," ameongeza kitu, wala hakusaidia neno. Mbuzi aliyefungwa ni chakula kilichoandaliwa. Akisema, "Apite Daraja la Umoja," lililofunguliwa juu ya Ruvuma mwaka 2010, wenziwe watacheka, na kicheko hicho ni hukumu. Wote wajua kuwa ametoka katika fumbo kwa mlango wa nyuma. Kulitegua fumbo kwa kubadili sharti kimyakimya ni sawa na kulipa deni kwa fedha ya bandia.

Inafaa hapa kutenga fumbo la namna hii na kitendawili. Katika kitendawili mtegaji ndiye kadhi: asiyejua hutoa mji, na jibu zuri lisilo la mazoea huweza kukataliwa. Fumbo la mantiki humvua mtegaji ukadhi wake. Mtoto achukue makome matatu, achore mto mchangani mwa ghuba ya Mikindani, ayapitishe moja moja. Akifika salama amefika, hata mzee aliyetega akikunja uso. Sharti likishatamkwa humfunga aliyelitamka kama limfungavyo aliyelisikia.

Umbo la Unguja laonyesha jambo hili kwa ukali. Mgeni amekataa kumtolea sultani kodi, naye anapewa mtihani wa kuvusha chui, mbuzi na majani. Mtumbwi wachukua mtu na vitu viwili, lakini hakuna viwili viwezavyo kuachwa pamoja pwani, hata chui na majani. Baadhi ya wasomaji hulalamika kuwa sharti hili ni la upuuzi, kwani chui hali majani. Na walipime kwanza. Kama mtumbwi ungechukua kimoja tu, mtihani usingekuwa na njia hata moja, maana hatua ya kwanza ingeacha viwili nyuma. Aliyekaza sharti alipanua mtumbwi. Mgeni huvusha majani na mbuzi, hurudi na mbuzi, kisha huvusha mbuzi na chui. Sultani mkali, lakini si mwongo: alitega mtihani wenye njia, na mgeni alipoiona, neno la sultani likawa kinga ya mgeni.

Vipi basi mtihani usio na njia? Waila wa Zambia wanao. Mtu ana chui, mbuzi, panya na kapu la nafaka, na mtumbwi wachukua kimoja. Akitanguliza chochote, kimoja katika vilivyobaki kitaliwa. Huwaza kumwacha panya, huwaza kumwacha chui. Kisha huona kuwa wanyama hao kwake ni kama watoto, akaamua kubaki alipo.

Wengine watasema ameshindwa. Hata hivyo yeye hakufunga kamba, hakutafuta daraja, wala hakujifanya kuwa panya hakuwamo. Aliyasoma masharti yote, akaona hayana njia ila ya kupoteza mmoja, akaikataa safari mbele ya watu. Ni kitendo tofauti kabisa na kile cha kijana wa kamba, ingawa wote wawili hawakuvuka kwa kanuni. Barazani Mikindani ataulizwa kama astahili kutoa mji. Na anayeuliza naye aulizwe alitega fumbo hilo akijua nini.