Fimbo ya Mbali: Nani Anayepiga Picha?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakuijua rimoti ya kamera. Siku hizi unaweka kamera juu ya stendi, unasogea hatua thelathini, unabonyeza kitufe mfukoni na picha imepatikana. Hapa Kahama vijana wanaoanza kazi hii huniuliza mara kwa mara: “Bro, ninunue rimoti gani ya kuaminika?” Huwa nina majibu mawili.

La kwanza ni la dukani. Zipo aina tatu unazoweza kukutana nazo. Ya infraredi ni ya bei nafuu na inafanya kazi kama rimoti ya televisheni: lazima uielekeze kwenye kamera, na jua la saa saba mchana kule Nyarugusu linaimeza. Ya Bluetooth inafaa kwa simu na kamera za kisasa, ila umbali wake ni mita chache, na ikikatika unaanza kuunganisha upya. Ya mawimbi ya redio, yenye kipokezi kinachochomekwa kwenye kamera, haijali jua na hufika makumi ya mita. Kama kazi yako ni migodini, chukua hiyo. Hakikisha plagi inaingia kwenye kamera yako, maana kila kampuni ina tundu lake. Kitufe kiwe cha hatua mbili: nusu kulenga, chini kabisa kupiga. Beba betri ya akiba. Na pale wanapojiandaa kulipua baruti, zima kila kitu, kwa sababu fataki za umeme na mawimbi ya redio havipatani.

Kifaa chenyewe kina sababu nzuri ya kuwepo. Ndani ya duara hakuna mwanga zaidi ya tochi za kichwani, kamera inabidi ikae wazi sekunde nzima au zaidi, na kidole kikiigusa tu picha inatikisika. Hadi hapo hakuna ubishi.

Jibu la pili ni refu kidogo, kwa sababu kuaminika ni sifa ya watu kabla ya kuwa sifa ya vifaa. Rimoti inayoitika kila ukibonyeza inaaminika kwako wewe. Je, kwa yule aliye mbele ya lenzi?

Lugha yetu inasema kupiga picha, na aliye mbele ya kamera anapigwa. Zamani mpigaji alionekana: amesimama pale, jicho kwenye kamera, na mpigwaji aliweza kugeuza uso, kutabasamu au kumfukuza. Rimoti inamwondoa mpigaji mahali pake. Mnakumbuka nyani wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, aliyejipiga picha kwa kamera ya Mwingereza David Slater? Kesi ilifika mahakama ya rufani ya Marekani, na mwaka 2018 ikaamuliwa kwamba nyani hawezi kudai hakimiliki mahakamani. Dunia ilicheka na kubishana picha ni mali ya nani. Kwangu swali zito ni jingine: picha ikimdhuru mtu, nani atajibu? Aliyebonyeza, hata kama alikuwa nyuma ya mti.

Huku kwetu hilo si swali la darasani. Katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo vinaleta bahati, dhahabu ikiwemo. Watoto walipelekwa Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Picha ya mtoto kama huyo, yenye uso na njia ya kwenda kwao, iliyopigwa bila mama yake kujua, inaweza kuwa ramani mkononi mwa muuaji. Kutega kamera Serengeti kwa ajili ya chui sawa. Mama anayeosha mchanga kwenye mwalo si chui.

Wenzangu hunibishia: ukimwambia mtu, anakakamaa, uhalisia unapotea. Kweli, kwa dakika kumi. Halafu kazi inamrudisha, karasha halisubiri. Wengine wana hoja nzito zaidi: maovu hayaombwi ruhusa. Watoto wanaoshika zebaki kwa mikono, nani atatuonyesha kama si kamera iliyofichwa? Hoja hii naiheshimu. Lakini Human Rights Watch walipotoa ripoti yao ya mwaka 2013 kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, Geita na Kahama zikiwemo, walizungumza na watoto wenyewe. Na hata ikibidi kuficha kamera, anayestahili kuanikwa ni anayewatumikisha. Sura ya mtoto inafunikwa.

Ipo njia nyingine, nami naipenda zaidi: kumpa rimoti anayepigwa. Nimewahi kumkabidhi mwanaapolo mmoja kitufe, nikakaa pembeni. Mimi nilitaka jasho na tope, ile picha ambayo kila mgeni anaondoka nayo. Yeye alivaa shati, akamwita mwenzake anayevuta kamba juu ya shimo, wakasimama bega kwa bega, ndipo akabonyeza. “Huyu ndiye ameshika uhai wangu,” alisema. Kwa macho yangu peke yangu, yule mvuta kamba nisingemwona kabisa.

Kwa hiyo mdogo wangu, nunua ya redio. Ukifika, salimia kwanza, mwangaluka, kisha itoe mfukoni waione. Eleza inafanya nini na picha inakwenda wapi. Akikataa hata mmoja, geuza lenzi upande mwingine. Rimoti ambayo huwezi kuionyesha mbele ya watu, hata ingefika mita mia, si ya kuaminika.